Eksibisheni za tao: usiishie ghorofa ya kwanza

Najua wikendi ikifika mbogi yako huanza kubishana: ni Westlands ama ni Thika Road? Halafu mnaishia kunywa kahawa ya bei ya viatu, mnapiga picha mbili za Insta na kurudi mtaani mkiwa mmesota. Jumamosi hii jaribu kitu kingine. Shukia tao, vuka Moi Avenue uelekee Tom Mboya, kisha uzame kwenye zile eksibisheni unazozipita kila jioni ukikimbilia matatu.

Kwa wageni wa Nairobi, eksibisheni ni jengo ambalo sakafu iliyokuwa duka moja kubwa imekatwakatwa kwa mbao na vioo ikawa vibanda vingi. Vingine ni vidogo hivi kwamba muuzaji lazima atoke ndipo wewe uingie kujaribu jinzi. Eastleigh waliuonyesha mji mambo haya mapema. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walikuwa wanauzia bidhaa humo vyumbani.

Mlangoni utapokewa na kijana atakayekuita "beste" na kukushika mkono. Huyo si mwenye duka, ni broka. Akikupeleka kwa kibanda, yake ya juu iko ndani ya hiyo bei. Mwambie asante, uingie mwenyewe. Bei haijabandikwa popote, kwa hivyo ukiambiwa elfu mbili, taja elfu moja bila kuona haya. Vile viatu vinavyong'aa huenda ni kamera ya Gikomba, yaani mtumba wa daraja la kwanza, vimeoshwa na kupigwa brashi. Si vibaya, bora ulipe bei ya mtumba. Kama ni simu ama spika kule Luthuli, iwashwe mbele yako, weka laini yako upige, halafu ndio ulipe.

Sasa panda ngazi, maana lifti, kama ipo, imejaa magunia. Huko juu ni vinyozi, wasusi, wachora tatoo na mafundi wa cherehani. Ukisikia kelele kama za uwanjani, umefika kwenye PS. Chumba hakina dirisha, viti ni vya plastiki, na mwenye chumba ana daftari la madeni. Mechi ni mbao ama finje, aliyefungwa anampisha anayengoja. Utakuta wauza viatu wa chini wamepanda kutuliza akili, na msee wa chuo ambaye mamake anajua yuko darasani. (Sitamchoma. Mimi chuo niliacha.) Hakuna mlinzi wa kukuuliza umenunua nini. Tao yote ni sehemu ngapi unaweza kukaa saa nzima na finje mfukoni?

Ila hawa watu wanaishi kwa kamba nyembamba. Kupata kibanda, mara nyingi unalipa "gudwili" kabla hata ya kodi, na hiyo pesa hurudishiwi. Halafu kuna siku kama Juni 25, 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu maandamano ya Mswada wa Fedha, wakati maduka kadhaa ya tao yaliporwa. Mimi niliunga mkono maandamano na bado naunga. Lakini kuna dada wa vipodozi ninayemjua, rika letu, aliyerudi kesho yake akakuta rafu tupu na vioo chini. Stoki ilikuwa ya mkopo wa chama, na bima hakuwa nayo. Alianza tena na trei moja ya lip gloss, na chama bado anakilipa kila Ijumaa. Nilipomuuliza kama aliwatambua waliopora, alisema wengine walikuwa kastoma.

Ukienda, fika asubuhi. Wengi huamini kastoma wa kwanza ndiye anafungua siku, kwa hivyo hawapendi uondoke mikono mitupu, na bei hushuka. Huyo dada yuko ghorofa ya pili, baada ya kinyozi. Lip gloss ni soo, na usimkazie sana.