Mkoromo na Maradhi ya Kuketi Kutwa
Wengi huuchukulia mkoromo kuwa dalili ya usingizi mnono. Sivyo daima. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Njia ya hewa ikizibika kwa sekunde 10 au zaidi, angalau mara 5 kila saa, huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Unene ndio mchochezi mkuu, lakini kuketi kutwa nako kumo. Mwendesha bodaboda wa Kiritiri, kule Mbeere Kusini, akishinda kitini, majimaji hukusanyika miguuni. Usiku hupanda shingoni na kulibana koo. Kutembea huyapunguza. Asipotibiwa, mchana husinzia, naye amepakia abiria! Mwenzi wake wa kitandani, asikiaye kimya kisha mkoromo wa kushtuka, ndiye shahidi ambaye daktari hana budi kumhoji.