Puaiohi, Ndege Anayejificha Mulimani

Wasomaji, ndege wakihama pahali, kuna sababu. Mulimaji mwenye akili hasemi tu, «Ndege wamekwisha.» Anauliza, «Nani amewafukuza?» Leo tutasema habari za ndege mumoja wa mbali sana, asiyekaa katika inchi yetu. Lakini adui zake wawili munawajua vizuri, maana wanalala pamoja nanyi ndani ya nyumba: ni panya na mbu.

Kisiwa chake

Katika bahari kubwa ya Pasifiki kuna visiwa vya Hawaii, vilivyo chini ya Marekani. Kimoja kinaitwa Kauai. Katikati yake ni milima, na juu ya milima kuna pori linaloitwa Alakai. Kule mvua inanyesha karibu kila siku, baridi ni nyingi, na vijito vinapita kati ya magenge marefu. Katika magenge yale anakaa puaiohi. Hakuna pahali pengine duniani anapokaa.

Namna ya kumutambua

Puaiohi ni mudogo: urefu wake ni santimetri 17, uzito wake karibu gramu 40. Mugongo wake ni wa rangi ya udongo, kifua na tumbo ni kama majivu. Tazameni macho yake: yamezungukwa na duara jeupe. Tazameni miguu: inaelekea wekundu mwepesi. Mutoto wake ana madoa kifuani. Akikomaa, madoa yanatoka.

Musimuchanganye na ndege mwingine aitwaye shama. Shama aliletwa Kauai na watu katika mwaka 1931. Yeye ana kichwa cheusi, tumbo jekundu-jekundu na mukia murefu, na anaimba kwa sauti kubwa karibu na nyumba za watu. Puaiohi hafanyi hivyo. Anakaa kimya katika kivuli, na mutu anaweza kupita chini ya muti wake asimuone.

Kwa hiyo anayemutafuta hutumia masikio kwanza. Alfajiri na jioni, wakati wa kuzaa, dume anaimba wimbo mwembamba unaokwaruza, kama gurudumu la kigari lisilotiwa mafuta.

Kazi yake

Anakula wadudu, konokono wadogo, na zaidi matunda ya miti ya pori. Akimeza tunda, mbegu inatoka mbali na muti uliozaa. Hivi anapanda miti bila jembe. Pori likikosa ndege wa namna hii, mbegu nyingi zinaanguka chini ya mama yao tu.

Jike anajenga kiota kwa kuvumwani, katika shimo la genge juu ya kijito. Mara nyingi anataga mayai 2.

Adui wa kwanza: panya

Zamani za kale hapakuwa na panya katika visiwa vile. Walikuja na vyombo vya watu. Panya anapanda genge usiku, anakula mayai na watoto, tena anaweza kumuua mama aliyelalia. Ndege wa visiwa vile hawakuzoea adui wa namna hiyo, hawajui kujilinda.

Adui wa pili: mbu

Hata mbu hawakuwako Hawaii. Watu wanasema walifika mwaka 1826 katika mapipa ya maji ya jahazi moja. Baadaye, ndege wa kigeni walipoletwa, malaria ya ndege ilifika pamoja nao. Mbu walichukua ugonjwa kutoka kwa ndege mumoja na kuutia mwingine. Ndege wengi wa chini walikufa. Waliokaa juu walipona, kwa sababu mbu hapendi baridi.

Lakini sasa hewa inazidi joto, na mbu wanapanda mulima. Nguruwe wa pori wanawasaidia: wanapasua mashina laini ya miti ili wale unga wake, na maji ya mvua yanakaa katika mashina yale. Humo mbu wanataga.

Puaiohi wengine wanashikwa na malaria na kupona, lakini panya na mbu pamoja ni mizigo miwili juu ya kichwa kimoja. Leo puaiohi wanahesabiwa karibu 500 tu. Ndugu yake mukubwa, aliyeitwa kamao, alikaa kisiwa kile kile. Katika mwaka 1989 watu walikuwa wakimutafuta bado. Katika mwaka 2023 serikali ya Marekani ilimufuta katika orodha, maana amekwisha kabisa.

Watu walifanya nini

Walichukua mayai porini, wakalea vifaranga, wakaanza kuwarudisha mulimani mwaka 1999. Hata mwaka 2012 waliachilia zaidi ya 200. Wanatega panya karibu na viota. Na tangu mwaka 2023, katika kisiwa cha Maui, wanaachilia mbu dume wasiouma, wenye kijidudu kinachofanya mayai ya mbu jike wa pori yasipasuke. Hivi mbu wanapunguka.

Na sisi?

Malaria ya ndege haishiki mutu, na mbu wake si yule anayeleta malaria yetu. Lakini njia ni moja: maji yaliyosimama. Basi, fanyeni hivi:

1. Shimo lililochimbwa kwa kutafuta dhahabu au kufanya matofali, likiisha kazi, lifukieni. Maji yake ya mvua yanazaa mbu wanaoua watoto wetu.
2. Pipa la maji lifunikeni. Mikebe na vyungu vilivyovunjika, vipindueni au vizikeni.
3. Gala la mahindi liinuliwe juu ya miguu, na kila muguu ufungwe kibati laini, panya asiweze kupanda.
4. Miti ya kando ya kijito musiikate kwa kuchoma makala. Inalinda maji, na ndege wanapata pahali pa kuzalia.

Watu wa Kauai wanafanya kazi nyingi na gharama nyingi kuokoa ndege 500, na kamao hatarudi hata kwa mali yote. Kufunika pipa hakuombi franka hata moja. Anzeni leo, kabla ya mvua.