Istilahi za Lishe: "Mafuta ya Transi"

Neno "mafuta" lina mawanda mapana: hutaja samli, mafuta ya alizeti, hata ya taa. Kwa hiyo mfasiri wa maandishi ya afya hana budi kuwa mwangalifu.

Mafuta ya transi hutokea hasa viwandani, mafuta ya mimea yaliyo majimaji yanapoongezwa haidrojeni kwa kiasi ili yagande. Jina latokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ng'ambo", kwani atomu za haidrojeni hukaa pande zinazokabiliana za kiungo maradufu cha kaboni. Huongeza lehemu mbaya katika damu, hupunguza iliyo njema, na huzidisha hatari ya maradhi ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe mafuta ya namna hiyo yatokayo viwandani.

Wako wayaitao "mafuta ya mgando". Hatuafiki. Mafuta ya nazi nayo huganda kwa baridi, wala si ya transi. Mama wa Mashewa, wilayani Korogwe, akionywa juu ya "mgando" huenda akayatupa ya nazi, kisha akawapa watoto biskuti zenye transi, kwa kuwa hakuona mgando wowote.

Twapendekeza "mafuta ya transi". Aidha, palipoandikwa kwamba mafuta yameongezwa haidrojeni kwa kiasi, mfasiri aseme hivyo kwa ukamilifu. Akifupisha kwa kuandika "mafuta ya mimea" tu, atakuwa ameficha lile hasa ambalo mlaji alistahili kulijua.