Kipimo Kimesema Hakuna Malaria

Kwa miaka mingi homa nchini Tanzania ilikuwa na hesabu. Mgonjwa akirudi kutoka maabara na kijikaratasi chake, watu wa nyumbani walimuuliza, "Umekutwa na ngapi?" Naye akajibu: mbili, tano, kumi. Mwenye malaria kumi alionewa huruma kuliko mwenye mbili, na aliyeambiwa hana hata moja aliondoka akinung'unika kwamba maabara ile haioni vizuri. Mara nyingi daktari naye alimwandikia dawa ya malaria vilevile. Siku hizi kipimo cha haraka kimefika hadi zahanati za vijijini, na kikisema hakuna malaria, majibu yanayofuata karibu kila mtu anayajua kwa moyo: una UTI na taifodi. Watu wameshayafanyia utani, na utani wenyewe hauko mbali na ukweli.

Swali ni homa hizo zinatoka wapi hasa, ikiwa si malaria. Mahali pazuri pa kuanzia ni Moshi.

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, timu iliyoongozwa na daktari John Crump ilifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Watoto walikuwa 467, vijana na watu wazima 403. Wakati wa kulazwa, 528 kati yao, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba wana malaria. Damu yao ilipochunguzwa kwa makini, waliokuwa wakiugua malaria kweli walikuwa 14. Ni asilimia 1.6.

Moshi ni mji ulio zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na malaria huko ni haba, kwa hiyo tusizichukue hesabu hizo tukazipeleka Kigoma au Mtwara. Hata hivyo, hao wengine nao walikuwa wanaumwa, tena sana, kiasi cha kulazwa. Baadhi walikuwa na bakteria kwenye damu, wachache fangasi au kifua kikuu. Lakini miongoni mwa waliochunguzwa kwa ajili ya magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, asilimia 26.2 walikutwa nayo: 40 leptospirosisi, 36 homa za riketsia zinazoenezwa na kupe, 24 homa ya Q, 16 brusela, na wawili homa ya riketsia za jamii ya taifasi. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, virusi vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde, huku kwetu kusini. Kati ya wagonjwa wote hao, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wa mnyama au virusi vya mbu viliandikwa kwenye faili lake wakati wa kulazwa, hata kama jambo la kudhania tu.

Ni rahisi kuwalaumu madaktari, na nadhani si haki. Mpaka mwaka 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliruhusu mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa, katika maeneo ya malaria nyingi, atibiwe malaria bila kupimwa. Wakati huo ilikuwa busara, kwa sababu malaria huua haraka na dawa ilikuwa karibu. Tatizo ni kwamba malaria yenyewe ilikuwa ikipungua. Mwaka 2007–08 takribani asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara na Visiwani walikutwa na vimelea. Mwaka 2017 ilikuwa asilimia 7. Mazoea hayakushuka kwa kasi hiyo, na gharama yake ilikuwa imeshaonekana mapema. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kuhusu wagonjwa waliokuwa wakitibiwa malaria kali. Chini ya nusu walikuwa na vimelea. Waliokuwa navyo walifariki asilimia 6.9, wasiokuwa navyo, asilimia 12.1, na wengi wao hawakupewa antibayotiki yoyote. Aliyekuwa na malaria ya kweli alikuwa na nafuu kuliko mwenye malaria ya kudhaniwa.

Ugonjwa ulioongoza katika ile orodha ya Moshi ya magonjwa yatokayo kwa wanyama, leptospirosisi, Watanzania wengi walikuja kuusikia Julai 2022. Katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa na uchovu, na wengine walitokwa damu puani. Neno damu lilitosha kuwatia watu hofu. Sampuli zikapimwa Ebola, Marburg na Uviko-19, zote zikatoka safi. Kisha Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi: wagonjwa 20, vifo vitatu. Magazeti yaliuita ugonjwa wa ajabu. Kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, haukuwa na ajabu yoyote. Walikuwa wakiutafuta kwenye panya na mifugo tangu miaka ya 1990, na aina mojawapo ya bakteria wake, iliyopatikana kwa ng'ombe wa huko, inajulikana katika maabara za dunia kwa jina la Sokoine.

Bakteria huyo ni mwembamba, amejisokota, na makazi yake ni figo za mnyama. Panya ndiye anayesemwa sana, lakini ng'ombe, mbuzi, nguruwe na mbwa nao humbeba bila kuonekana wagonjwa. Hutoka na mkojo, na penye tope au maji yaliyotuama anaweza kuishi wiki kadhaa akisubiri mguu wenye mchubuko. Huingia pia kwa macho, pua na mdomo. Kwa hiyo wa kwanza kuumwa ni mlima mpunga, mkata miwa, mchinjaji, mzibua mitaro, na mtoto anayeogelea kwenye dimbwi baada ya mvua. Baada ya wiki moja au mbili homa hupanda ghafla, kichwa hugonga, misuli huuma, hasa kiunoni na kwenye vigimbi, kiasi kwamba mgonjwa akishikwa mguu analia. Macho huwa mekundu lakini hayana tongotongo. Dalili hizi mbili, vigimbi na macho makavu mekundu, hazihitaji maabara. Zinahitaji mtu wa kuzitazama. Wengi hupona. Wachache, siku chache baadaye, macho hugeuka manjano, mkojo hukatika, na mapafu huanza kuvuja damu. Hapo penisilini na doksisaiklini zilizokuwa zinauzwa kwa bei ndogo huwa zimechelewa, na kinachohitajika ni mashine ya kusafisha damu, ambayo wilaya nyingi hazina.

Brusela yeye hana haraka. Homa yake huja jioni, usiku shuka linalowa jasho, asubuhi mtu anajihisi nafuu na kwenda kazini. Kiuno kinauma, nyonga zinauma, magoti yanapokezana. Mwanamume anaweza kuvimba korodani akaona aibu kusema. Hali hii huendelea wiki hadi miezi, na mgonjwa huzunguka: dawa ya mseto mara mbili, dozi ya taifodi, dawa za baridi yabisi, mganga wa kienyeji. Chanzo chake ni maziwa mabichi, damu mbichi, au mikono mitupu iliyomsaidia mbuzi kuzaa na kuvuta kondo la nyuma. Wafugaji wa Manyara na Ngorongoro wanaufahamu ugonjwa huu kwa mifugo yao kuliko madaktari wengi wanavyoufahamu kwa binadamu. Ng'ombe anapotupa mimba mwezi wa sita au wa saba wana mashaka yao tayari. Matibabu ni dawa mbili kwa wiki sita, kwa kuwa bakteria hujificha ndani ya seli zilezile za kinga zinazotakiwa kumuua. Ni muda mrefu kwa mtu aliyepata nafuu wiki ya pili. Anaacha, na homa inarudi.

Homa ya Q na homa za kupe nitazipita upesi. Ya kwanza huvutwa na pumzi, pamoja na vumbi la zizi ambamo mbuzi au kondoo amezaa. Huonekana kama nimonia ya kawaida, na kwa mwenye kasoro ya moyo inaweza kujificha kwenye vali na kuibuka miaka mingi baadaye. Za pili huacha kidonda chenye gamba jeusi pale kupe aliponyonya, na vipele ambavyo vitabu huvionyesha kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi ni kazi kuviona, hasa katika wodi yenye taa moja.

Kisa cha papasi ndicho kinachonisumbua zaidi, kwa sababu hapa maendeleo yenyewe yameleta upofu. Homa ya papasi ilikuwa maarufu kwenye njia za misafara tangu karne ya 19. Robert Koch aliichunguza akiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1905 Joseph Dutton, aliyekuwa akiitafiti huko Kongo, alikufa kwayo. Bakteria wa homa hiyo anaitwa kwa jina la Dutton, Borrelia duttonii. Papasi, aina ya kupe, hukaa kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, hurudi ufani, na anaweza kukaa miaka bila kula. Dodoma, penye nyumba za tembe, ameishi na watu vizazi kwa vizazi. Homa hupanda siku tatu nne, hukatika, mtu hudhani amepona, kisha baada ya wiki hivi inarudi, tena na tena. Wajawazito huathirika vibaya. Mimba huharibika na watoto wachanga hufa.

Enzi za hadubini, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria kwenye tone la damu angeweza kumwona huyu bakteria, mrefu, amejisokota, katikati ya chembe za damu. Alikuwa hamtafuti, lakini alimwona. Kipimo cha haraka cha malaria ni utepe unaotambua protini za vimelea vya malaria tu. Hakina jicho. Kinajibu lile swali kililoulizwa, kwa usahihi mkubwa, na kunyamaza kuhusu mengine yote. Tulipata majibu bora ya malaria na kupoteza uwezekano wa kukutana na homa ya papasi kwa bahati.

Turudi kwenye UTI na taifodi. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont na wenzake walichunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara bila kulazwa. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, malaria asilimia 10.5, UTI asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Kwa jumla asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haiugusi. Kwa hiyo taifodi ipo, na UTI ipo, lakini haziwezi kuwa kila homa ya mtaani. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kuitangaza taifodi, husoma kingamwili ambazo mtu anaweza kuwa nazo tangu ugonjwa wa miaka iliyopita. Mzazi anaridhika kwa kuwa amepewa jina la ugonjwa na kifuko cha dawa. Mtoto anapona mafua yake, na sifa zinaenda kwa siprofloksasini.

Picha ya mtoto wa kliniki na ya mtu mzima wa wodini zinatofautiana, na hapo ndipo miongozo inapata shida. Ukisema wasio na malaria wote wapewe antibayotiki, unawalisha maelfu ya watoto dawa wasizohitaji na kuwalea bakteria sugu. Ukisema wasipewe, yule mkata miwa anakufa. Kwa waliolazwa, sindano ya seftriaksoni ndiyo hukimbiliwa. Inafanya kazi kwa bakteria wengi wa damu, hata wa homa ya mgunda, lakini riketsia na bakteria wa homa ya Q haiwashughulikii. Doksisaiklini, kidonge cha zamani na cha bei nafuu, ingewashughulikia wote wawili. Naona ajabu kwamba inakumbukwa zaidi kwa chunusi.

Kuthibitisha ni ngumu kuliko kutibu. Kwa mengi ya magonjwa haya maabara huhitaji damu mara mbili, ya siku ya kulazwa na ya wiki kadhaa baadaye, ili kuona kama kingamwili zimepanda mara nne. Majibu yakitoka, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa. Yanamfaa mtafiti anayechora ramani ya magonjwa. Aliyelala kitandani hayamsaidii. Ndiyo maana maswali yana thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa: unafuga nini, umeshika kondo la mnyama lini, unakunywa maziwa yaliyochemshwa, umelala wapi mwezi huu, ulikanyaga maji gani.

Jibu jingine linapatikana nje ya hospitali kabisa. Kaskazini mwa Tanzania watafiti wamefuatilia ng'ombe, mbuzi na kondoo waliotupa mimba, wakakuta kwao Brucella, bakteria wa homa ya Q, na hata virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Wamegundua pia kwamba sampuli lazima ichukuliwe ndani ya siku chache, kabla fisi na mbwa hawajamaliza ushahidi, jambo linalowezekana pale tu mfugaji anapotoa taarifa mapema. Taarifa hizo huenda kwa bwana mifugo, na kutoka kwake hupanda hadi wizara nyingine, kwa fomu nyingine. Kijiji ambamo mbuzi watano wametupa mimba mwezi mmoja, mganga wa zahanati anaweza kukijua kabla homa ya kwanza haijafika mlangoni kwake, ikiwa bwana mifugo ana namba yake ya simu.