Misaada kwa Vyombo vya Habari (4): Somo Ambalo Wafadhili Hawakutufundisha

Tangu Marekani ilipolifunga rasmi shirika lake la misaada, USAID, Julai 1, 2025, waandishi wa Kanda ya Ziwa wanauliza: semina zetu sasa atazilipia nani? Nitajibu, lakini sharti kwanza turudi Nairobi.

Waliofuatilia sehemu zilizopita wanakumbuka kwamba mwaka 1963 vijana wa Afrika walifunguliwa milango miwili. Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Wanahabari (IPI) ilianzisha mafunzo kwa fedha za Ford Foundation. Berlin Mashariki, chama cha waandishi wa huko nacho kikafungua shule yake. Aliyepita mlango wa kwanza aliambiwa gazeti huichunguza serikali. Aliyepita wa pili, gazeti hujenga taifa likiongozwa na chama.

Wa kukumbukwa zaidi ni mkufunzi wa Nairobi, Tom Hopkinson. Alipokuwa mhariri wa Picture Post la London, mwaka 1950, alitaka kuchapa ripoti ya James Cameron na picha za Bert Hardy kuhusu mateso ya wafungwa wa kisiasa Korea Kusini. Mwenye gazeti, Edward Hulton, akakataa. Hopkinson naye akashikilia msimamo, akafukuzwa kazi. Hapakuwa na waziri wala polisi. Mwenye fedha alitosha. Baadaye alihariri Drum huko Afrika Kusini, na huko pia akagombana na mwenye mali. Mtu huyo ndiye aliyekuja kutufundisha uhuru, tena aliujua kwa makovu.

Lakini semina tulizorithi zimebaki kwenye kuandika aya ya kwanza na kutaja maadili. Nani analilisha gazeti, hilo halimo kwenye ratiba.

Tazameni Sweden, iliyoufadhili miaka mingi Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania (UTPC), uliokuwa na makao makuu hapa Mwanza kabla ya kuhamia Dodoma. Sheria ya kwanza ya Sweden ya uhuru wa kuchapisha ni ya mwaka 1766. Mwaka 1971 nchi hiyo ikaanza kuyapa ruzuku magazeti yaliyolemewa na washindani, kwa kanuni zilizoandikwa, si kwa hisani ya mkubwa. Nani alikuja hapa Nyakato kutueleza hayo?

Hapa Mwanza, mwandishi wa kujitegemea anatoka Nyakato hadi mwaloni Kirumba kwa nauli yake, na analipwa habari ikitoka. Isipotoka, bahasha ya mwenye hafla inamngoja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka awe na sifa za kitaaluma. Vyema, ila njaa haiulizi cheti.

Jibu langu, basi: posho za semina zikome. Tudai matangazo ya serikali yagawiwe kwa kanuni za wazi, na ruzuku iwekwe kisheria kwa redio na magazeti ya mikoani. Nasi tunaolaumu magazeti kila asubuhi tuache kuyasoma bure kibandani. Sehemu ijayo: ruzuku ya Sweden iligawiwaje?