Kwa nini Dokta Mukwege alitoka kwenye chumba cha upasuaji na kuingia politiki

Tangu uchaguzi wa 2023, hapa Bukavu swali halijaisha: muganga mwenye Nobel alikuwa anatafuta nini katika politiki? Wengine wanacheka, wengine wanasikitika. Jibu linaanzia kwenye ugonjwa wenyewe anaoutibu, fistula, ambao wengi wanasikia jina lake tu.

Mama akikaa na uchungu wa kuzaa siku mbili ao tatu bila kufika hospitali, kichwa cha mtoto kinakandamiza nyama laini kati ya kibofu cha mkojo na njia ya uzazi. Damu haipiti tena, nyama inakufa, tundu linabaki. Kutoka hapo mkojo unavuja usiku na mchana, mara ingine hata choo. Mara nyingi mtoto anazaliwa amekufa. Kuna wamama ambao mishipa ya mguu inaumia pia, wanatembea wakiuburuta. Ni kilema kabisa, lakini kilema ambacho watu wanakikimbia juu ya harufu: bwana anamufukuza, kanisani anakaa nje. Ubakaji wa kinyama unaweza kutoboa vilevile.

Denis Mukwege alizaliwa Bukavu tarehe 1/3/1955, mtoto wa mchungaji. Alisomea uganga Burundi, akamaliza 1983, akaenda kufanya kazi Lemera, katika milima ya Uvira. Alifikiri atatibu watoto. Wamama waliofika wamechelewa, damu inawatoka, njo walimubadilisha mawazo. Akasomea magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, na mwaka 1989 akarudi. Tarehe 6/10/1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wafanyakazi pia.

Panzi ilianzishwa 1999 kwa ajili ya wamama wanaozaa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa: alikuwa amebakwa na kupigwa risasi. Kidogo kidogo Panzi ikaongeza watu wa kutuliza roho, mafunzo ya kazi, na avoka. Inaeleweka. Mama aliyeshonwa vizuri, halafu akarudi kijijini bila shamba, bila bwana, bila haki, amepona nusu tu.

Na vita vinamurudisha hospitali. Dokta mwenyewe ameeleza kwamba alipasua mama, kisha miaka ikapita akaletewa binti yake. Hapo uzi na sindano vinashindwa.

Septemba 2012 alisema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Tarehe 25/10 watu wenye silaha waliingia kwake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na familia. Wamama wa Idjwi wakauza mananasi na vitunguu ili wamulipie tikiti ya kurudi. Tarehe 14/1/2013 alirudi, watu wakajaa barabarani kutoka Kavumu.

Basi mapenzi ya watu yalikuwapo. Kura ni kitu kingine. Alitangaza kugombea urais tarehe 2/10/2023, uchaguzi ukafanyika tarehe 20/12, na hakufikia hata 1%. Kwangu mimi alichelewa: chini ya miezi tatu haitoshi kufika vijijini kwenye inchi kubwa kama yetu.

Ombi lake la zamani analo bado: mahakama kwa makosa ya 1993 mpaka 2003 yaliyoandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. Alipopokea Nobel Oslo, 2018, alisema ripoti hiyo inaoza ndani ya droo huko New York. Lemera imo ndani, pamoja na wagonjwa wake.