Mwelekeo wa kura jijini Nairobi

Mwelekeo wa kura jijini Nairobi ni namna wapiga kura wa mji mkuu wa Kenya walivyochagua marais, wabunge na viongozi wa kaunti tangu kurudi kwa mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991. Nairobi ilihesabiwa kama mkoa hadi uchaguzi wa 2007. Tangu uchaguzi wa 2013 ni moja kati ya kaunti 47 za nchi.

Mambo mawili hujirudia katika matokeo yake. Kwanza, mgombea wa urais anayeongoza Nairobi mara nyingi si yule anayetangazwa mshindi wa nchi nzima. Pili, wakazi wengi hugawa kura zao: humpa mgombea wa chama kimoja kura ya urais, kisha humpa mgombea wa chama kinachoshindana nacho kura ya ugavana au useneta. Kwa sababu hiyo matokeo ya Nairobi hayaelezeki kwa kuhesabu makabila pekee, ingawa ukabila una nafasi kubwa katika siasa za Kenya.

Historia kabla ya 1992

Dalili za mwelekeo huu zilionekana kabla ya uhuru. Katika uchaguzi wa 1961 kiongozi wa wafanyakazi Tom Mboya, aliyetoka jamii ya Wajaluo, aligombea eneo la Nairobi Mashariki ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu. Mpinzani wake mkuu, daktari Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Mboya alipata zaidi ya kura 31,000 naye Waiyaki hakufikisha 3,000.

Kuanzia 1969 Kenya ilikuwa na chama kimoja tu bungeni, KANU, na mwaka 1982 jambo hilo likawekwa katika sheria. Mwaka 1988 uchaguzi wa mchujo wa KANU ulifanywa kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao badala ya kupiga kura ya siri. Malalamiko juu ya utaratibu huo yalichangia madai ya vyama vingi. Mkutano wa upinzani uliopangwa kufanyika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990 ulipigwa marufuku na ghasia zikafuata. Siku hiyo hujulikana kama Saba Saba. Waandalizi wake wakuu, Kenneth Matiba na Charles Rubia, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliwekwa kizuizini.

Chaguzi za 1992 na 1997

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulionyesha kwamba KANU ilikuwa dhaifu katika mji mkuu. Matiba, mgombea wa Ford-Asili, aliongoza Nairobi kwa takriban asilimia 44 ya kura za urais. Rais Daniel arap Moi alipata chini ya asilimia 20. Kati ya viti vinane vya ubunge vya Nairobi, Ford-Asili ilichukua sita, Ford-Kenya kimoja na KANU kimoja. Kiti cha Ford-Kenya kilikuwa cha Lang'ata, eneo lililojumuisha mitaa ya mabanda ya Kibera, na mshindi wake alikuwa Raila Odinga. Hata hivyo Moi alishinda katika nchi nzima, kwa kuwa kura za upinzani ziligawanyika kati ya Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga.

Sheria ya wakati huo ilimtaka mshindi apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Moi alitimiza sharti hilo bila kuihitaji Nairobi. Hivyo ilionekana wazi kwamba mgombea angeweza kuitawala Kenya huku akikataliwa na wengi wa wapiga kura wa mji mkuu.

Mwaka 1997 Matiba hakushiriki. Sehemu kubwa ya wafuasi wake walihamia kwa Kibaki wa Democratic Party (DP), aliyeongoza Nairobi kwa karibu asilimia 44. Chama chake kilipata viti vitano kati ya vinane. Kwa mara nyingine Moi alishindwa Nairobi na kushinda nchini.

Uchaguzi wa 2002 na kura ya maoni ya 2005

Mwaka 2002 vyama vikuu vya upinzani viliungana katika muungano wa NARC. Kibaki, mgombea wake, alipata zaidi ya robo tatu ya kura za Nairobi dhidi ya Uhuru Kenyatta wa KANU, na NARC ikatwaa viti vyote vinane vya ubunge. Kibaki na Uhuru wote wawili ni Wakikuyu, kwa hiyo ushindani haukuwa kati ya jamii mbili bali kati ya chama kilichotawala tangu uhuru na muungano ulioahidi mabadiliko. Nairobi na taifa zilikubaliana juu ya mshindi.

Makubaliano hayo hayakudumu. Katika kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya katiba, serikali ya Kibaki iliunga mkono rasimu, nao Raila Odinga na wenzake wakaipinga. Wengi wa wapiga kura wa Nairobi waliikataa. Mkoa wa Kati peke yake ndio uliokubali.

Uchaguzi wa 2007

Kwa mujibu wa matokeo ya Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Kibaki wa PNU alipata karibu asilimia 48 ya kura za urais Nairobi, naye Odinga wa ODM karibu asilimia 44. Katika ubunge mambo yalikuwa kinyume: ODM ilishinda viti vitano na PNU vitatu.

Matokeo ya urais ya nchi nzima yalipingwa na ghasia zikazuka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Katika Nairobi vurugu zilikuwa kali zaidi katika mitaa ya mabanda kama Kibera na Mathare, ambako wafuasi wa pande zote mbili waliishi jirani. Mbunge mpya wa Embakasi, Melitus Mugabe Were wa ODM, aliuawa kwa risasi mnamo Januari 2008. Kiti chake kilichukuliwa na PNU katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huohuo. Tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler ilieleza baadaye kwamba kasoro zilikuwa nyingi kiasi cha kutowezekana kujua nani hasa alishinda urais.

Chini ya katiba ya 2010

Katiba mpya iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Agosti 2010 ilileta kaunti. Mpiga kura wa Nairobi sasa hupewa karatasi sita kwa siku moja: za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wodi. Maeneo bunge ya Nairobi yaliongezeka kutoka 8 hadi 17, yenye wodi 85.

Mwaka 2013 Odinga aliongoza Nairobi kwa takriban asilimia 49 dhidi ya asilimia 47 za Uhuru Kenyatta, aliyetangazwa rais. Evans Kidero wa ODM alichaguliwa gavana wa kwanza. Lakini useneta ulikwenda kwa Mike Sonko wa TNA, chama cha Kenyatta. Sonko alipata zaidi ya kura 800,000, wakati Kenyatta mwenyewe alipata kama 659,000 katika kaunti hiyo.

Agosti 2017 Odinga aliongoza tena Nairobi, kwa kama kura 828,000 dhidi ya 791,000 za Kenyatta. Sonko, sasa katika chama cha Jubilee, alimshinda Kidero kwa ugavana akiwa na zaidi ya kura 870,000. Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba. Odinga alisusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba, ambao Kenyatta alishinda huku idadi ya waliojitokeza ikishuka sana.

Mwaka 2022 Kenyatta alimuunga mkono Odinga kupitia muungano wa Azimio. Odinga alipata kura 767,395 katika Nairobi, sawa na asilimia 57, na William Ruto wa UDA kura 561,775. Ruto alitangazwa rais. Katika ugavana, Johnson Sakaja wa UDA alipata kura 699,392 na kumshinda Polycarp Igathe wa Azimio aliyepata 573,516. Maana yake Sakaja alimzidi Ruto kwa karibu kura 138,000, naye Igathe alipungukiwa na karibu kura 194,000 akilinganishwa na Odinga. Useneta na kiti cha mwakilishi wa wanawake vilichukuliwa na ODM kupitia Edwin Sifuna na Esther Passaris.

Muhtasari wa kura za urais

- 1992: Nairobi iliongozwa na Kenneth Matiba, rais aliyetangazwa: Daniel arap Moi
- 1997: Mwai Kibaki, rais: Daniel arap Moi
- 2002: Mwai Kibaki, rais: Mwai Kibaki
- 2007: Mwai Kibaki, rais: Mwai Kibaki (matokeo yalipingwa)
- 2013: Raila Odinga, rais: Uhuru Kenyatta
- Agosti 2017: Raila Odinga, aliyetangazwa: Uhuru Kenyatta (matokeo yalifutwa)
- Oktoba 2017: Uhuru Kenyatta, rais: Uhuru Kenyatta (Odinga alisusia)
- 2022: Raila Odinga, rais: William Ruto

Tofauti ndani ya jiji

Nairobi yenyewe haipigi kura kwa namna moja. Kibra, Mathare na Ruaraka zimekuwa ngome za ODM. Roysambu na Dagoretti Kusini zimeelekea upande wa TNA, kisha Jubilee, kisha UDA. Maeneo kama Makadara, Westlands na sehemu za Embakasi yana wakazi wa jamii nyingi na ushindani wake huwa mkali zaidi. Mwaka 2022 wabunge wa Nairobi walitoka vyama vinne: ODM wanane, UDA wanne, Jubilee watatu na Wiper mmoja. Mbunge wa Kasarani alikuwa mgombea huru.

Sababu za mwelekeo huu

Hakuna jamii moja iliyo na zaidi ya nusu ya wapiga kura wa Nairobi. Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na Wakamba ni wengi, pamoja na Wasomali, Wakisii, Wameru na wengine. Mgombea anayetegemea jamii moja au mbili hawezi kuwa na hakika ya kushinda, kwa hiyo kura za jamii zisizo na mgombea wao wa urais huamua mengi. Sakaja, kwa mfano, anatoka jamii ya Waluhya, na kabla ya uchaguzi wa 2022 Azimio ilikuwa imemwondoa Tim Wanyonyi, naye Mluhya, katika mbio za ugavana ili kumpisha Igathe.

Sababu nyingine ni mahali pa kujiandikisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi, na mwaka 2022 waliojiandikisha kupiga kura hapo walikuwa kama milioni 2.4. Wengi wa wasiohesabiwa ni watoto, lakini wapo pia watu wazima wanaoishi Nairobi na kujiandikisha kwao mashambani. Kati ya waliojiandikisha Nairobi, takriban asilimia 56 tu walijitokeza mwaka 2022, chini ya wastani wa taifa wa karibu asilimia 65.

Tena, kura ya gavana huhusu mambo ya karibu: maji, takataka, masoko, matatu na vibali vya biashara. Sonko alijijengea jina kwa misaada ya moja kwa moja katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na umaarufu huo ulivuka mipaka ya chama.

Umuhimu

Kwa sharti la sasa la asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, Nairobi ni kaunti moja tu kati ya 47. Lakini ndiyo yenye wapiga kura wengi kuliko zote, na mpasuko wa kisiasa unapotokea nchini huonekana kwanza katika mitaa yake. Tangu 1992 Raila Odinga alikuwa mhimili wa kura za jiji hili, kwanza kama mbunge wa Lang'ata hadi 2013, kisha kama mgombea wa urais aliyeongoza Nairobi mara tatu. Alifariki Oktoba 2025. Uchaguzi wa 2027 utakuwa wa kwanza wa enzi ya vyama vingi kufanyika bila yeye, na wafuasi wake wa Nairobi ni miongoni mwa kura ambazo vyama vyote vitazitafuta.